Siku Tatu za Kula Mwanza

Mwakitolyo,
Jumapili, 9 Juni 2024

Dada Apolonia, shikamoo.

Huku tumeamka salama, isipokuwa simu yangu ndiyo imefariki. Iliniponyoka kifuani nimeinama mwaloni naosha mchanga wa dhahabu, ikazama kwenye tope, na tulipoitoa ilikuwa inatapika. Bhoke akasema tuizike hapohapo tuweke na msalaba. Bhoke ni yule mama wa Tarime ninayeosha naye mchanga, mdomo wake hauna breki. Baba Blessing simu yake anayo lakini anashinda nayo duarani, huko shimoni kwao, na hata akirudi naona aibu kuongea mambo ya tumbo langu mbele yake. Ndiyo maana nakuandikia, kama tulivyoandikiana wewe ulipoolewa Chato na mimi niko darasa la tano. Bartholomeo wa basi amekubali kubeba. Amesema barua haina nauli ila karanga zina nauli, akachota kiganja.

Dada, nina habari. Juzi Baba Blessing alirudi na uso wa furaha, akaniuliza nataka nini. Wenzangu hapa wangesema kitenge. Mimi nikamwambia nataka siku tatu Mwanza kwa dada yangu, za kula na kutembea tu. Masalu wangu alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema sawa, mwisho wa mwezi nenda na mtoto.

Mimi nimesafiri mara nne tu maisha yangu yote. Kumuuguza mama, kumzika mama, kumzika baba, na kuolewa. Sijawahi kupanda basi kwenda mahali ambako hakuna mgonjwa wala matanga. Nataka safari ya tano iwe ya samaki.

Wewe unayeujua mji nipangie. Nataka sato mzima, siyo kipande cha mkia. Nataka kuziona zile nyumba zilizojengwa juu ya mawe, nijue wanapandaje na ndoo. Na nataka Blessing aone ziwa. Ana miaka miwili na miezi minne sasa na maneno matatu: mayu, yaani mama, baba, na minzi. Minzi anaiita kila kitu chenye maji, hata chai, hata machozi yangu aliniambia minzi. Nataka kusikia ziwa zima ataliitaje.

Mikono yake tu ndiyo inabanduka ngozi, viganja vimekuwa vya waridi kama vya mtoto wa mzungu. Nadhani ni sabuni ya unga niliyobadilisha.

Kile kikaango cha chuma ulichonipa siku ya harusi bado kigumu. Asubuhi kinakaanga mayai, jioni namchomea Baba Blessing dhahabu yake. Ile iliyoshikwa na zebaki, ile dawa nzito kama fedha iliyoyeyuka, unaiweka motoni zebaki inaondoka, dhahabu inabaki imekaa kama punje ya mtama. Blessing mgongoni anachungulia. Siyo kila mtu ana kikaango kama changu.

Mdogo wako,
Limi (Mama Blessing)

*

Kirumba, Mwanza,
Ijumaa, 14 Juni 2024

Mdogo wangu Limi, marahaba.

Barua yako nimeisomea jikoni, ikapata doa la mchuzi, kwa hiyo nayo imeshaonja Mwanza. Wewe una mwalo wako wa mchanga na mimi nina mwalo wangu wa samaki, tuone nani ananuka zaidi tukikumbatiana.

Sikiliza mpango. Watu wakija mjini wanakimbia kama wamefiwa, wanataka kuona kila kitu, jioni miguu imevimba na hawakumbuki walikula nini. Sisi hatutakimbia. Mtaa mmoja, chakula kimoja, kisha tunakaa mpaka kishuke tumboni. Hiyo ndiyo sheria.

Ijumaa tarehe ishirini na nane nakupokea stendi ya Nyegezi. Hatuli stendi, wanauza viazi vya jana. Tunakuja moja kwa moja hapa Kirumba, nakuchagulia sato mwenyewe akiwa bado anapumua, ugali wa muhogo, pilipili ya kupondwa. Kibanda changu kina benchi moja upande wa kivuli, wateja wangu wanalijua kama benchi la wakubwa. Siku hiyo litakuwa lako.

Jumamosi asubuhi Mabatini, kwenye hizo nyumba za juu ya mawe. Yupo mama mmoja anakaanga vitumbua nje ya mlango wake, unakula umekaa kwenye jiwe lenye ukubwa wa nyumba. Kuhusu ndoo, wanapanda nazo kichwani bila kushika, wewe mwenyewe utaona aibu. Mchana tunateremka Makoroboi, kachori na juisi ya miwa, tunatazama vitenge bila kununua.

Jumapili misa ya kwanza, kisha Capri Point. Huko wanakaa wenye nazo, lakini barabara ni ya wote na miti ina kivuli. Tunakula aiskrimu tunatembea kama tuna nyumba huko. Blessing tunamshusha majini mpaka magotini. Mimi nasema ataita minzi mara mbili.

Mikono mpake mafuta ya nazi.

Na hicho kikaango umenifurahisha. Wenzako vikaango vyao vinakaanga maandazi, chako kinakaanga dhahabu. Nimewaambia wateja wangu wote.

Dada yako,
Apolonia

*

Mwakitolyo,
Jumapili, 23 Juni 2024

Dada Apolonia, shikamoo.

Usikasirike. Tarehe ishirini na nane hatutakuja.

Jumatano duara la kina Masalu limetema. Wamekuta mwamba wenyewe, mawe yanametameta hadi Bhoke amekaa kimya dakika nzima. Sasa mzee Sostenes mwenye duara ana masharti yake ya tangu zamani. Mawe yakishaanza kutoka, wake za wachimbaji hawasafiri na moto wa jikoni hauzimwi, mpaka jiwe la mwisho lisagwe. Mwanamke akiondoka moto unalala, na moto ukilala mwamba unajificha. Masalu anaamini. Mimi sijui, lakini siwezi kuwa mwanamke aliyeficha mwamba wa watu kumi na wawili kwa ajili ya kachori. Amesema katikati ya Julai watakuwa wamemaliza.

Ratiba yako nimeibandika ukutani kwa ugali. Kila siku namsomea Blessing. Nikifika kwenye samaki ananyamaza, nadhani anasikiliza.

Siku hizi amekuwa wa kudeka. Hataki kutembea, anataka mgongoni tu. Anatoka jasho hata kukiwa na baridi, na jua hataki kuliona, nikimtoa nje anajifunika uso na kanga yangu. Bhoke ananitania, mama jina lake Limi, yaani jua, na mtoto analikimbia jua. Neno la baba halisemi tena, lakini baba mwenyewe haonekani nyumbani, atamwita nani. Na fizi zinamuuma, udenda unamtoka, labda meno ya mwisho. Kwa hiyo yeye usimwekee vitumbua vigumu. Mchuzi wa samaki na ugali laini vitamtosha.

Kazi imeongezeka. Zamani nilichoma dhahabu mara moja kwa wiki, sasa kila jioni. Masalu hataki kuchomea mwaloni kwenye macho ya watu, anasema macho yanakula. Mimi sichoki. Moshi wa kuni ndio unaonitoa machozi, huu wa zebaki hauna harufu hata kidogo, hauwashi, ni kama hakuna kitu. Nafunga mlango, Blessing mgongoni, tunaimba mpaka punje itokee.

Nakutumia karanga, nimezikaanga mwenyewe. Bartholomeo nimemhesabia mbele ya watu, mwangalie usoni ukipokea.

Mdogo wako,
Limi

*

Kirumba, Mwanza,
Jumamosi, 6 Julai 2024

Mdogo wangu Limi, marahaba.

Karanga zimefika, ila mfuko ulikuwa umelegea shingoni na Bartholomeo alikuwa anatafuna. Zilizobaki nimezila peke yangu.

Nimebadilisha ratiba kidogo. Mwishoni mwa wiki mji unajaa mno. Njoo Jumatatu tarehe kumi na tano, ukae mpaka Jumatano, ndizo siku sato wananona. Jumatatu Kirumba kama tulivyosema. Jumanne asubuhi tutapanda kilima kimoja hapa mjini, ukiwa juu unaona ziwa lote na mapaa yote. Tutapanda mapema kabla ya kula, chakula kitakuwa baada ya hapo. Jumatano ni Capri Point na aiskrimu.

Usiahirishe tena. Nimeshamwambia muuza samaki.

Dada yako,
Apolonia

*

Kirumba, Mwanza,
Jumamosi, 6 Julai 2024

Shemeji Masalu, salamu.

Barua hii nimeikunja peke yake na nimemwambia Bartholomeo akupe wewe mkononi, duarani. Usimwonyeshe Limi.

Sitakuzungusha. Hapa kwangu anakula muuguzi mmoja wa wodi ya watoto, anaitwa Vumilia. Juzi nilikuwa nawasomea wateja barua za mdogo wangu, tucheke yale ya Bhoke. Nilipofika pale pa viganja kubanduka, mtoto kutoka jasho na kukimbia jua, Vumilia aliweka kijiko chini. Hakuniuliza kuhusu sabuni. Aliniuliza, "Huyo mume anafanya kazi gani?"

Shemeji, ni zebaki. Ikichomwa haipotei, inakuwa hewa, mtu anaivuta. Kutokuwa na harufu ndiko kunakowaua watu. Mtoto mdogo inampata upesi kuliko mkubwa, inamnyang'anya miguu, inamnyang'anya maneno. Vumilia amemwombea nafasi kwa daktari wa watoto Jumanne tarehe kumi na sita.

Limi sijamwambia neno hospitali. Unajua mama yetu aliingia hospitali anatembea akatoka amefunikwa, na Limi ndiye aliyekuwa ameshika mfuko wa nguo. Akisikia atajifungia ndani. Kwa hiyo nimemwambia tutapanda kilima. Si uongo, hospitali iko kilimani. Akishafika juu nitamshika mkono.

Wewe nakuomba mambo mawili. Wape ruhusa waje. Na hiyo kazi ya kikaango ikome leo ndani ya nyumba yenye mtoto. Ningeweza kumkataza mimi, lakini ile ni nyumba yako na wewe ndiye mume, sitaki kuingia kwako bila hodi. Mwambie wewe.

Shemeji yako,
Apolonia

*

Mwakitolyo, 11 Julai

Shemeji mpishi

Barua nimepata. Wewe unakaanga samaki mimi nachimba, kila mtu na moto wake. Zebaki nimeishika tangu nina miaka kumi na sita na mpaka leo nakula ugali wa watu wawili. Watoto wa hapa wote wanaumwaumwa, ni vumbi la karasha, yanaposagwa mawe.

Kusafiri haiwezekani. Mwamba bado unatoa na Sostenes anahesabu moshi wa kila jiko akipita. Nikivunja sharti nitatolewa kundini, na hiyo hospitali yako nitailipa na nini. Baada ya Nane Nane watakuja.

Hilo la kuchomea ndani nitamwambia achomee nje.

Mwandiko usinicheke. Nimeandikia gotini.

Masalu

*

Mwakitolyo,
Jumapili, 14 Julai 2024

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Kesho hatuji. Nimelia kidogo kisha nimenyamaza. Masalu amesema baada ya Nane Nane, na ameapa kwa jina la mama yake.

Begi tayari liko mlangoni. Nimeweka gauni la njano la Blessing, lile la Pasaka, nimelipunguza kiuno maana amekonda. Chakula hataki, uji tu, na uji wenyewe namlisha mimi kwa sababu kijiko kinamtetemeka mpaka kinamwagika. Neno la minzi limeondoka. Nilimmwagia maji ya kuoga nikamuuliza, hii ni nini mama, akanitazama tu. Limebaki mayu, na hilo analisema kwa pumzi bila sauti, kama mtu anayesali. Mimi naona amechoka kusubiri. Mtoto ukimwahidi kitu anaugua kwa hamu.

Baba Blessing ameniambia nichomee dhahabu nje. Hakusema kwa nini, nadhani ni kwa ajili ya masizi ukutani. Nilichomea nje siku mbili, upepo ukazima makaa, na siku ya pili mzee Sostenes akasimama kwenye ua akichungulia kikaango. Nikaona balaa. Nimerudi ndani nimeziba na ule upenyo wa mlango kwa gunia, na Masalu hajauliza tena.

Halafu Dada, hicho kilima cha Jumanne ni kipi? Nimemuuliza Bartholomeo akaangalia pembeni. Blessing hatembei sasa. Lakini usikifute kwenye ratiba, nitambeba. Mimi nina nguvu.

Mdogo wako,
Limi

*

Kirumba, Mwanza,
Alhamisi, 18 Julai 2024

Limi,

Soma hii ukiwa umesimama. Kikaango kitoe nje ya nyumba. Usichome kitu tena, si ndani, si nje. Mtoto mtoe humo, mpeleke kwa Bhoke akae huko. Fungua mlango na dirisha.

Kilima ni hospitali. Mlango unaoziba kwa gunia ndio unaomuua. Nilimwandikia mumeo tangu tarehe sita, nikakuficha wewe, na hilo ni kosa langu, utanisema nikifika.

Nakuja mwenyewe Jumamosi kwa basi la kwanza. Kibanda nimefunga.

Apolonia

*

Wodi ya watoto, Mwanza,
Jumapili, 4 Agosti 2024

Baba Blessing,

Hujambo. Sisi tuko hai wote wawili, naanza na hilo ili usisome kwa haraka ukitafuta.

Ulipotoka duarani Jumamosi ile ulikuta jiko la baridi. Najua umeambiwa ni dada aliyelizima. Siyo yeye. Yeye alikuwa ameketi kitandani amempakata mtoto, anaangalia viganja vyake. Ndoo niliinyanyua mimi. Nilimwaga maji mpaka makaa yakaacha kulia, kisha nikachukua begi. Kama mwamba umejificha, mimi ndiye niliyeuficha, mwambie hivyo mzee Sostenes.

Daktari ni mama, sauti yake ya chini. Aliniuliza mambo mengi sana, tunapikia moto gani, tunalala wapi, moto uko hatua ngapi kutoka kitandani. Akaniuliza tunachomea kwenye chombo gani. Nikamwambia kikaango. Akauliza, "Na mayai mnakaangia wapi?" Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, alitoka nje na hakurudi mpaka jioni. Ni yeye aliyekinunua, Masalu. Alikibeba kichwani siku ya harusi yetu, akakicheza kama ngoma mbele ya wageni wako.

Hawanigombezi hapa. Ningependa wanigombeze. Wanasema akina mama wengi wanakuja na neno hilohilo, moshi hauna harufu.

Blessing anapewa dawa ya kuivuta zebaki itoke. Wanasema miguu inaweza kurudi, polepole, akifanyishwa mazoezi. Jasho limepungua. Maneno hawajui. Nilimuuliza daktari yatarudi lini, akasema, "Mama, tumuombee kwanza ale." Mayu nalo lilimtoka njiani, kabla hatujafika Nyegezi. Nilikuwa nasikiliza pumzi zake ndani ya basi na sikulisikia tena.

Sato nimemla. Dada alimleta kwenye hotpoti, mzima, na ugali wa muhogo na pilipili ya kupondwa, nikamla nimekaa kwenye korido miguu imekunjwa watu wasinikanyage. Alikuwa mtamu. Nilimla mpaka kichwa, halafu nikaona aibu kwamba alikuwa mtamu.

Sasa jambo lako. Dada alimwonyesha Vumilia barua uliyomwandikia. Hakumwonyesha kwa ajili ya maneno, ila kwa ajili ya mwandiko. Vumilia amesema aliyeandika hivi naye aje apimwe. Nimekumbuka vifungo vya shati lako nilivyokuwa nakufungia kila asubuhi, nikidhani ni mapenzi.

Njoo na mikono yako.

Limi

*

Mwakitolyo,
Jumapili, 11 Agosti 2024

Mama Blessing,

Anayeandika ni mimi Bhoke, Masalu anasema na mimi naandika. Amejaribu mwenyewe, amechana karatasi tatu, daftari ni langu, nikamnyang'anya.

Anasema hujambo, na Blessing hajambo.

Anasema Sostenes amemtoa kundini. Siku ya tatu baada ya wewe kuondoka maji yaliingia duarani, mwamba umefunikwa, na wote wanasema ni moto wako. Mimi Bhoke nasema maji yaliingia kwa sababu pampu ni mbovu tangu Pasaka, lakini hakuna aliyeniuliza.

Anasema kuna jambo anataka ulijue. Mwaka juzi walikuja watu mwaloni kufundisha. Walikuwa na chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba, unachomea humo zebaki inabaki ndani haiji puani. Walisema msichomee nyumbani penye watoto. Masalu alikuwepo, aliandika jina, akala chapati na soda waliyotoa. Wakaacha vyungu viwili bure. Watu walisema kinachelewesha, na chuma chake kizuri kikapata kazi nyingine. Kimoja Sostenes anawekea maji ya kuku.

Anasema alijua. Siyo sana, lakini alijua. Shemeji alipoandika, akajua kabisa, na alikwambia uchomee nje bila kukwambia kwa nini, kwa sababu angekwambia kwa nini ungeondoka siku hiyohiyo.

Mimi naona analia, lakini amenikataza kuandika.

Anasema hajui aje au asije. Anasema akija ataingiaje wodini na mtoto atamtazama.

Mimi Bhoke nimemwambia mtoto hatazami watu kwa ubaya, hiyo ni kazi yetu sisi wakubwa. Limi, mimi nilimbeba Blessing siku ile, alikuwa mwepesi kama ungo. Nimeacha kuchomea chumbani. Wengine wananicheka.

Masalu, kwa mkono wa Bhoke

*

Kirumba, Mwanza,
Jumapili, 18 Agosti 2024

Baba Blessing,

Juzi wametuachia. Tunakaa kwa dada, na kila Jumanne tunapanda kilima. Mwakitolyo haturudi. Daktari amesema zebaki imeingia kwenye kuta, kwenye godoro, hata kwenye ratiba ile niliyoibandika. Usiniletee chochote kutoka humo ndani, hata kanga yangu ya kubebea. Asubuhi naosha sahani za kibandani, Blessing yuko kwenye benchi karibu yangu, ameegemezwa mito.

Jana jioni tulimpeleka Capri Point. Tulisubiri jua liinamie nyuma ya mawe ili lisimchome macho. Dada alinunua aiskrimu, nikamgusisha mdomoni, akalamba mara moja. Tukateremka penye maji, nikavua viatu, nikaingia naye mpaka maji yakafika kwenye magoti yake. Ziwa lote lilikuwa mbele yake, Masalu, halina mwisho. Nikamngoja. Dada naye alingoja, nikamwona anasogeza midomo kama anamfundisha. Alitazama mkono wake ndani ya maji kwa muda mrefu.

Hakusema. Nikasema mimi kwa niaba yake. Minzi. Nikairudia mara mbili, kwa sababu dada alitabiri mara mbili.

Nimemsamehe dada, na yeye bado hajajisamehe, hakaangi kitu tena, samaki wote anachemsha na wateja wananung'unika. Wewe sijui kama nimekusamehe. Nikiamka nimekusamehe, ikifika saa ya uji, kijiko kikianza kutetemeka, sijakusamehe. Lakini Bhoke ameandika kwamba hujui uje au usije, nami nimeona nikupangie, maana mtu asiye na mpango hafiki popote.

Jumapili ijayo panda basi la Bartholomeo, kaa upande usio na jua. Njoo na nguo uliyovaa tu. Stendi usile, viazi ni vya jana. Dada atakupokea, hatakusema njiani, nimemwapisha. Siku ya kwanza ni Kirumba. Utakula sato, wa kuchemsha, na mimi nitakuchambulia miiba kwa sababu mikono yako haitaweza. Siku ya pili ni kilima. Tutapanda wote watatu asubuhi kabla ya kula, wakupime, kisha tutakunywa uji kwa mama mmoja wa getini, ana uji wa ulezi. Siku ya tatu hatuendi mahali. Mtaa mmoja, chakula kimoja, kisha tunakaa.

Ukimkuta Blessing usimwambie aseme baba. Kila mgeni anamwambia sema hiki sema kile, naye anatoka jasho. Wewe njoo ukae naye kwenye benchi, upande wa kivuli. Kijiko kitakuwa kimoja. Mtakishika wote wawili, na mimi nitawashikilia.

Mama Blessing,
Limi